Hodi kwenye pakeji ya mwenzio

NEEMA: Karibuni tena jamani, niko na kaka Hamisi kama kawaida, na leo nataka atubu hadharani. Kaka, ile pakeji ya watu, yaani programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa, uliyoivamia kule Debian, ule mfumo wa kompyuta wa bure unaotunzwa na watu wa kujitolea.

HAMISI: Dada we hata salamu hamna! Haya. Kulikuwa na bagi, yaani hitilafu, ukifungua faili lenye nafasi kwenye jina programu inazima, dawa yake mstari mmoja tu. Mwenye pakeji, yaani mtunzaji wake, kimya. Nikarekebisha, ila nikaona na mafaili mengine yamekaa hovyo, si nikayapanga upya yote, najiona nimemsaidia mtu wa Mungu.

NEEMA: Yaani umeingia kuzima moto jikoni, unatoka umehamisha na makochi ya sebuleni.

HAMISI: Ndo hivyo! Na mi sina ruhusa ya kuaplodi, napitia kwa mdhamini, mwenye ruhusa anayekagua kazi yangu na kuniaplodia, akanirudishia na swali moja, "bagi mstari mmoja, hii mingine yote ya nini?" Nilikaa kimya kama nusu saa hivi.

NEEMA: Kwa wasiojua, kugusa pakeji isiyo yako wanaita NMU, aplodi ya mtu asiye mtunzaji. Inaruhusiwa kabisa, lakini unatibu kilichoumwa unaondoka, mapambo mwachie mwenyewe. Halafu ile namba ya vesheni, tuseme ilikuwa 1.4-2, yako inakuwa 1.4-2.1, yeyote akiiona anajua hapa alipita mgeni.

HAMISI: Na hauingizi papo hapo. Kuna foleni inaitwa DELAYED, aplodi inakaa humo mpaka siku 15, bagi la kawaida kama langu mwongozo unasema 10, na unamtumia mwenyewe pachi, yaani yale marekebisho, aione, akikataa inatolewa. Ndo hodi yenyewe hiyo.

NEEMA: Na ukiona kweli pakeji imetelekezwa unataka kuichukua moja kwa moja, unatangaza kwanza, unasubiri siku 21, ndo uaplodi, na hiyo nayo inakaa foleni wiki nzima. Mi naona sawa tu, hawa watunzaji wengi hawalipwi. Si mnakumbuka xz, ile programu ya kubana mafaili? 2022 mtunzaji wake alikuwa kachoka, kasema wazi kabisa, watu wakawa wanamsakama mbona unachelewa, mpe mwingine. Huyo mwingine akapewa nafasi, 2024 kukakutwa mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu kwenye vesheni zake 5.6.0 na 5.6.1.

HAMISI: Ile ilinitisha aisee, nami nilishaandika mambo ya "mbona kimya" sana tu, tena na alama za kuuliza tatu tatu.

NEEMA: Sasa pakeji yako iliishaje?

HAMISI: Siku ya sita mwenyewe kaibuka, kumbe kapata mtoto. Akaichukua pachi yangu, ule mstari mmoja, akatoa 1.4-3 mwenyewe na jina langu kaliweka kwenye chenjilogi, ile orodha ya mabadiliko. Kakosea herufi moja.

NEEMA: Ukafungua ripoti ya bagi?

HAMISI: (anacheka) Dada, niliandika kabisa. Nikafuta.