Ifundisheni Kompyuta Kunyamaza Kwanza

Nimeombwa nieleze namna ya kupanga vitufe vya kuifanya kompyuta isome maandishi kwa sauti. Naona wengi mmeshika kalamu mkingoja vitufe vya kuanzisha. Nitavitaja, ila vingoje kidogo. Kabla hujaifundisha kompyuta kusema, ifundishe kunyamaza. Nimelisema hili mara nyingi, na bado kila nikiketi na mtu mbele ya mashine yake nakuta amepanga vitufe vitatu vya kuanzisha, cha kukatisha hana hata kimoja.

Mwanafunzi wangu mmoja, mwenye uoni hafifu, alikuwa kwenye chumba cha kusomea kilichojaa watu. Akaiamuru NVDA, kisoma-skrini cha Windows, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, imsomee barua ya daktari wake kupitia hedifoni. Waya ukachomoka. Sauti ikahamia kwenye spika: jina la ugonjwa, majibu ya vipimo, dawa, chumba kizima kinasikia. Akashika kipanya, akahangaika kutafuta pa kubofya ili inyamaze. Atapaonaje? Hatimaye akaifunga kompyuta kwa kishindo, akatoka. Chumba kile hakukikanyaga tena muhula mzima.

Kinachoniuma ni kwamba kitufe kilikuwepo! Kwenye NVDA ukigusa Ctrl peke yake, sauti inakatika papo hapo. Shift inaisitisha, na ukiigusa tena inaendelea ilipoishia. Programu hiyo ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye haoni, na sidhani ni bahati tu kwamba kunyamazisha kumewekwa kwenye kitufe ambacho kidole hukipata kwa kupapasa. Aliyemwekea mwanafunzi yule programu alimwonyesha kuanzisha tu, akaenda zake.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mimi naona vizuri, nitabofya." Haya, bofya. Lakini siku macho yamechoka au mkono unatetemeka, utaifukuza alama ndogo kwenye skrini hadi lini? Na wewe unayehariri kazi zako kwa kuzisikiliza, ambaye sikio lako hunasa neno lililorudiwa mara mbili baada ya jicho kuliruka, utahitaji kuikatisha sauti palepale penye kosa, si sentensi mbili mbele.

Basi, andikeni. Narrator, kisoma-skrini kinachokuja na Windows yenyewe, huwashwa na kuzimwa kwa Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja. Kwenye Mac, ukishaiwezesha huduma ya kusoma maandishi yaliyoteuliwa katika mipangilio ya ufikivu, teua maandishi kisha bonyeza Option na Esc. Ukivibonyeza tena, inanyamaza. Kwenye Linux yenye mazingira ya GNOME, kisoma-skrini chake, Orca, huitwa kwa Super (kile kitufe cha Windows), Alt na S. Asiyetaka kisoma-skrini kizima, naye yuko kwenye Linux inayotumia X11, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, atengeneze amri mbili: ya kwanza ichukue maandishi yaliyoteuliwa na kuyapeleka kwenye espeak-ng, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti,

xsel -o | espeak-ng -v sw --stdin

na ya pili iizime,

pkill espeak-ng

Kila amri ipewe vitufe vyake kwenye mipangilio ya kibodi, viwe jirani. Anzeni na hiyo ya pili, tafadhali.

Naona saa inanikimbiza. Msinyang'anye vitufe vyenye kazi nyingine: Ctrl na S ni vya kuhifadhi, viacheni. Asiyeweza kushikilia vitufe viwili kwa pamoja, kwenye Windows agonge Shift mara tano mfululizo, akubali swali litakalotokea, kisha atabonyeza kimoja baada ya kingine. Na lugha ya sauti mwichague wenyewe. Sauti ya Kiingereza ikikutana na "ng'ambo" inaivuruga. eSpeak NG ina Kiswahili, nayo huja ndani ya NVDA; matamshi yake ni makavu lakini yanaeleweka.

Fungueni kompyuta zenu. Nitapita kila meza, na sitauliza inaanzaje kusoma. Nitaiacha isome, kisha nikwambie uikatishe ukiwa umefumba macho.