Amri ya Malezi Inapofaa Kubadilishwa

Ndugu wasikilizaji, maombi mengi ya kubadilisha amri ya malezi, yaani uamuzi wa mahakama kuhusu nani akae na mtoto wazazi wakiachana, huanguka kwa sababu mwombaji anarudia kesi ya talaka. Anaeleza kurasa kwa kurasa jinsi mwenzake alivyokuwa mlevi ndani ya ndoa. Hayo mahakama iliyatolea uamuzi zamani. Asiyeridhika hukata rufaa, na rufaa ina muda wake. Maombi haya yanahesabu kuanzia siku amri ilipotoka: tangu hapo, nini kimebadilika?

Hicho ndicho kizingiti cha kwanza katika nchi nyingi. Australia wanakiita kanuni ya Rice na Asplund, kutokana na kesi ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya Gordon na Goertz ya 1996, iliweka wazi hatua mbili. Kwanza uthibitishe mabadiliko makubwa yanayomgusa mtoto, ambayo hakimu wa mwanzo hakuyatazamia. Ukishindwa hapo, shauri limekwisha. Ukivuka, ndipo swali la maslahi ya mtoto linafunguliwa upya, na hakuna mzazi anayeanza na pointi za bure.

Mabadiliko gani yanatosha? Mzazi anayekaa na mtoto kutaka kuhamia mbali hadi ratiba ya kuonana isitekelezeke. Kipigo au kutelekezwa. Ugonjwa unaomzuia mzazi kulea. Kumnyima mwenzake mtoto mara kwa mara, kinyume cha amri. Mtoto mwenyewe kukua: ratiba ya mtoto anayenyonya haimfai wa miaka 12. Kupandishwa mshahara au kuoa tena, peke yake, kwa kawaida hakutoshi. Onyesha kumemgusaje mtoto.

Huu ukali una sababu. Mtoto akivutwa huku na huku kila mwaka hapati pa kutulia, na mzazi mwenye pesa angemchosha mwenzake kwa kesi. Ndiyo maana sheria ya mfano ya ndoa na talaka ya Marekani, ya 1970, iliyoandikwa ili majimbo yaiige, ilizuia maombi ndani ya miaka 2 ya kwanza, isipokuwa mazingira ya mtoto yawe ya hatari.

Kwenye ushahidi ndiko watu wanakozembea. “Hamjali mtoto” ni lalamiko tu. Lete mahudhurio ya shule, kadi ya kliniki, ujumbe wa simu wenye tarehe, daftari la siku ulizokwenda kumchukua mtoto ukanyimwa. Halafu pendekeza ratiba kamili: siku, saa, nani anampeleka, likizo zinagawanywaje. Mtoto naye ana sauti, kwa Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, na uzito wa maoni yake hufuata umri na ukomavu. Lakini mtoto anayekariri maneno ya kiutu uzima hugundulika haraka, na aliyemfundisha ndiye anayeumia.

Kukiwa na hatari ya leo, omba amri ya muda ya dharura. Usimtoroshe mtoto. Ukimvusha mpaka kinyume cha haki za mwenzako, kati ya nchi zinazotumia Mkataba wa Hague wa 1980 wa kurudisha watoto waliotoroshwa, mtoto wa chini ya miaka 16 kwa kawaida hurudishwa alikokuwa akiishi, ombi likifika kabla ya mwaka kupita. Na huko ndiko malezi yake yatakakoamuliwa, wewe ukiwa umeshajiharibia.