Mpangaji wa Pakingi

MWENDE: Karibuni tena. Baba Tito, leo nimekuja na karatasi, usinipotezee muda. Tuliwaahidi watu matundu ya kuchajia gari la stima, moja baada ya jingine, halafu namna ya kuchaji nyumbani, halafu sola. Kwa hiyo tunaanza na...

BARAKA: Injinia, subiri kwanza. Jumanne nimepata barua.

MWENDE: Ya kutoka wapi?

BARAKA: Imesukumwa chini ya mlango. Keretaka, msimamizi wa ploti yetu, ameiandika kwa kalamu nyekundu. Nikusomee? "Kwa mpangaji wa B4. Gari lako linakula stima kama mtu mzima. Kuanzia mwezi ujao litalipa 1,500 kama mpangaji." Sahihi, na muhuri.

MWENDE: Ploti yenu ina muhuri?

BARAKA: Maji hakuna tangu Alhamisi, lakini muhuri upo.

MWENDE: Kwa hiyo hiyo Nissan Leaf yako ni mpangaji sasa. Amelipa dipoziti?

BARAKA: Ndiyo naulizia. Na pesa ya takataka je? Huyu hatoi takataka. Hata moshi hatoi!

MWENDE: Na wageni anaruhusiwa? Usiku likija gari lingine kulala karibu naye?

BARAKA: Keretaka ataandika barua nyingine.

MWENDE: Haya, tuache mchezo kidogo. Unachaji vipi? Maana B4 ni ghorofa ya kwanza.

BARAKA: Kebo inatoka dirisha la jikoni, inashuka ukutani mpaka pakingi. Soketi yangu, mita yangu, tokeni nanunua mimi. Ndiyo maana barua imenikera.

MWENDE: Kebo ni ile iliyokuja na gari kutoka Japani?

BARAKA: Hiyo hiyo. Plagi yake haikuingia kwenye soketi zetu, fundi akaikata, akafunga hii yetu ya pini tatu.

MWENDE: Ehe! Nilijua. Hebu nionyeshe picha ya hiyo soketi. Najua unayo, wewe unapiga picha hata ugali.

BARAKA: Hii hapa.

MWENDE: Wasikilizaji, naomba mkae. Tundu la chini upande wa kulia limezungukwa na rangi ya kahawia, kama chai imemwagika ikakauka. Plastiki imeanza kuvimba. Na ni tundu la kulia peke yake, hili la kushoto ni jeupe kabisa. Baba Tito, hapo kulia ndipo laivu, waya wenye stima, ilipo, na ndani ya plagi fyuzi imekaa upande huo huo. Joto linajikusanya hapo.

BARAKA: Lakini fyuzi haijawahi kuungua.

MWENDE: Na haitaungua, ndiyo shida yenyewe. Kebo za Leaf za Japani zimetengenezwa kwa volti 200, ampea 15. Lile kasha la katikati ndilo linaloliambia gari livute kiasi gani, na kasha halijui kwamba fundi amebadilisha plagi. Linasema 15, gari linavuta 15. Plagi yako ni ya ampea 13. Fyuzi ya 13 ikipewa 15 haikatiki, inabaki pale inapata moto usiku kucha. Ungekuwa umekopesha plagi hiyo kwa birika, dakika tatu, hakuna neno. Huyu mpangaji wako anakunywa saa nane mfululizo.

BARAKA: Kwa hiyo ninunue boksi la ukutani la kilowati saba?

MWENDE: La! Leaf yako ni ya betri ya yuniti 24, si ndiyo? Chaja yenyewe ya stima ya nyumbani imo ndani ya gari, lile boksi la ukutani ni swichi yenye akili tu. Na chaja ya ndani ya Leaf nyingi za mwanzo haipiti kilowati tatu na kitu. Ukifunga boksi la saba, gari litachukua tatu, pesa imekwenda. Unachohitaji ni laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la fyuzi, waya mnene, breka yake yenye kinga ya mshtuko, na mwishoni ile soketi ya bluu ya viwandani, ya duara, ampea 16. Hiyo ilizaliwa kwa kazi ya saa nane.

BARAKA: Hiyo nimekubali. Lakini turudi kwa mpangaji.

MWENDE: Tundu la kwanza kwenye karatasi yangu...

BARAKA: Turudi kwa mpangaji! Keretaka ana haki?

MWENDE: Ya shilingi 1,500, hapana. Ya kuuliza, ndiyo.

BARAKA: Ndiyo? Injinia! Nalipa tokeni mwenyewe!

MWENDE: Tokeni inalipa stima. Hailipi waya mkubwa unaopanda kutoka kwenye mita za chini mpaka kwenu. Ule ni wa nyumba zote, na aliyejenga alipiga hesabu ya taa, televisheni na friji. Wewe ukiwa peke yako, sawa. Jirani wa A2 akinunua, na wa C1, nyote mnachomeka saa moja jioni watu wakipika. Nani atalipa ule waya ukiiva?

BARAKA: Shawa! Kila nyumba pale ina shawa ya kupasha maji. Ile ni wati 5,500. Gari langu ni 3,000 na kitu. Mbona hakuna barua ya shawa?

MWENDE: Shawa ni dakika kumi.

BARAKA: Kwako. Kwangu kuna mtoto wa kidato cha tatu.

MWENDE: Hata iwe nusu saa. Waya hupoa. Gari haliupi nafasi ya kupoa. Na shawa huoga mmoja mmoja, leo huyu, kesho yule. Magari yatalala yakinyonya pamoja.

BARAKA: Saa kumi na mbili unusu asubuhi ploti nzima inaoga kwa mpigo. Nyumba kumi na mbili mara 5,500, piga hesabu wewe uliyepanda nguzo. Waya umestahimili miaka yote hiyo, ndio ushindwe na Leaf ya mkono wa pili?

MWENDE: Umestahimili kwa sababu ni muda mfupi.

BARAKA: Umestahimili, nukta.

MWENDE: Sikubali.

BARAKA: Nami sikubali. Nachaji saa tano usiku, watu wamelala, waya wote ni wangu na mpangaji wangu.

MWENDE: Wewe leo. Kanuni haiandikwi kwa ajili ya mtu mmoja. Mwenye nyumba lazima ajulishwe.

BARAKA: Ajulishwe ninapochomeka friji pia?

MWENDE: Friji haijachoma soketi yako.

BARAKA: Hapo umenipiga chini ya mkanda.

MWENDE: Na kuna jambo umeligusa bila kujua. Usiku. Mwaka 2023 EPRA, wasimamizi wa nishati Kenya, iliweka bei ya stima ya magari: shilingi 16 kwa yuniti mchana, na 8 usiku, kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kodi na tozo. Sababu ni Olkaria, kule kwenye stima ya mvuke wa ardhini. Mvuke hautoki ardhini kwa ratiba, usiku sisi tumezima taa na mwingine unaachiwa hewani bure. Afadhali uingie kwenye betri yako.

BARAKA: Nane? Mimi tokeni yangu inazidi kupungua yuniti, pesa ni ile ile!

MWENDE: Kwa sababu wastani wako wa miezi mitatu umepita yuniti 100 kwa mwezi, umepandishwa daraja. Sasa hata taa ya choo unailipia bei ya juu kwa sababu ya gari. Lakini hiyo nane huipati kwa mita ya nyumba. Inatakiwa mita yake, ya kuchajia tu.

BARAKA: Ngoja. Unasema mpangaji apewe mita yake?

MWENDE: Pakingi, ndiyo. Mwenye nyumba aweke moja, kila gari lilipe kwa...

BARAKA: Ana mita, ana barua, analipa 1,500. Kilichobaki ni kura. Nampigia debe uenyekiti wa ploti!

MWENDE: Atashinda. Yeye hajawahi kukosa mkutano, hawezi kutoka.

BARAKA: Betri ikiwa kumi kwa mia.

MWENDE: Jamani, karatasi yangu. Wanatuonyesha saa kwenye kioo. Haraka haraka. Leaf, fungua kifuniko cha mbele: tundu dogo la pini tano ni Type 1, la nyumbani. Kubwa ni CHAdeMO, la chaja za kasi. Gari la Uingereza mara nyingi ni Type 2, na likiwa na pini mbili nene chini yake, hiyo ni CCS2. Yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China yana tundu la kwao, GB/T. Hapa sikilizeni vizuri, GB/T ya stima ya nyumbani ina pini saba kama Type 2, kwa macho ni pacha, lakini jike na dume zimebadilishana. Haziingiani. Usilazimishe...

BARAKA: Wanagonga mlango.

MWENDE: Sijafika hata kwa sola! Sola wiki ijayo.

BARAKA: Wiki ijayo tuna yule mgeni wa matatu.

MWENDE: Basi itakayofuata. Na yule aliyeuliza adapta ya CHAdeMO kwenda CCS2, usilipe kitu kabla hujatutumia picha ya tundu, mchana, kifuniko wazi. Ile uliyotuma ni ya tairi.

BARAKA: Wamefungua kabisa. Injinia, maikrofoni.

MWENDE: Nazima. Mwambie huyo kaka asikanyage waya...