Mizuka Iseme Mwisho: Mhadhara kuhusu Adabu ya Kukosoana katika Michezo ya Kumsaka Mlaghai

Ndugu wachezaji, na ninyi wasimamizi mnaobeba lawama za wote,

Mada ya leo ni ile ile ambayo baadhi yenu mmenisikia nikiilalamikia mpaka mkachoka, nami sijachoka, kwa sababu kila mchezo unapokwisha tunatukanana upya kana kwamba hakuna aliyewahi kusema neno. Kanuni sitazieleza kwa kirefu: walaghai wachache huua raia kwa siri, na walio hai hujadiliana kisha hupiga kura ya kumtoa wanayemshuku. Wengi wenu mliingia kwa Among Us, mchezo wa kidijitali ambamo waliouawa hubaki wakitazama kama mizuka, mwaka 2020, na sisi wazee tulikwisha kucheza Mafia kwa karata. Ninachodai ni kimoja: huwezi kumkosoa mchezaji kwa haki, wala kwa adabu, kabla hujajiuliza alikuwa anajua nini wakati alipopiga kura.

Chukueni mfano wangu wa siku zote. Katika The Skeld, ramani ya Among Us yenye umbo la chombo cha angani, walikuwa wamebaki watu 3: raia wawili na mlaghai mmoja. Raia mmoja alikuwa binti mgeni, ambaye ndiye aliyeshika kura ya kuamua, kwa kuwa wenzake wawili walikuwa wakishutumiana. Mlaghai alieleza kwa utulivu kwamba muda wote alikuwa chumba cha umeme akiunganisha nyaya, ilhali raia wa kweli, kwa hasira ya kusingiziwa, alibabaika na kujikanganya. Binti akamwamini aliyetulia, raia akatolewa, mchezo ukaisha. Hapo akajitokeza mkongwe mmoja aliyeuawa mapema kabisa, akamporomoshea maneno ambayo sitayarudia mbele ya watu wazima wenzangu, akidai kwamba hata kipofu angemtambua mlaghai yule.

Naam, kipofu aliyekufa! Mkongwe huyo alikuwa mzuka, anapita kwenye kuta, na alimwona mlaghai kwa macho yake akiingia na kutoka katika matundu ya hewa, njia za siri za walaghai. Alimhukumu mtu aliye hai kwa ushahidi ambao ni wafu tu walioupata. Cha kusikitisha zaidi ni kwamba kulikuwa na kosa halisi la kumwonyesha: taa za chombo zilikuwa zimezimwa kwa muda mrefu, na swichi za kuziwasha zimo katika chumba hicho hicho cha umeme, kwa hiyo mtu anayedai kuwa humo alipaswa kuulizwa kwa nini hakuziwasha. Swali hilo moja lingemfundisha binti mengi kuliko matusi yote yale. Matokeo yake, aliporudi kucheza, kila kura aliiruka asije akakosea tena, na mnajua wenyewe ni nani anayenufaika raia wakiogopa kupiga kura.

Mtaniambia kwamba mchezaji makini hadanganyiki ovyo. Hebu tuhesabu. Wachezaji ni 10, walaghai 2, raia mmoja ameshauawa. Raia anayepiga kura bila fununu yoyote ana watu 8 wa kuchagua, na 6 kati yao hawana hatia. Dimitry Davidoff, aliyebuni Mafia akiwa mwanafunzi wa saikolojia mjini Moscow katika miaka ya 1980, aliujenga mchezo juu ya msingi huo huo wa wachache wanaojua dhidi ya wengi wasiojua. Kukosea kura ya kwanza ni jambo la kutarajiwa, na anayeliita upumbavu hajauelewa mchezo anaojisifu kuujua.

Wengine husema mchezo huu bila ukali hauna ladha. Sijakataza ukali. Kumwambia mtu "wewe ni mlaghai, unadanganya" ni hatua halali ya mchezo, na inakoma majukumu yanapofichuliwa. "Wewe ni mjinga" haimo katika mchezo. Najua kuna mjuaji hapo nyuma atakayenikumbusha kadi ya Mjinga wa Kijiji katika matoleo ya mbwa mwitu, yaani Mafia ambamo walaghai ni mbwa mwitu wanaojificha kijijini. Ahsante, ninaijua, na katika toleo la Kifaransa linalochezwa sana, mwenye kadi hiyo akipigiwa kura kijiji humsamehe akaendelea kuishi. Nasi tumeshindwa hata na kijiji cha kadi!

Mwenyekiti anatazama saa, kwa hiyo suala la adhabu na la wanaohama seva kwa hasira nitaliacha. Wasimamizi, nawaomba mjaribu utaratibu huu: mchezo ukiisha, aliyepiga kura iliyoamua aanze kueleza alichokiona na alichokisikia, kisha waliobaki hai wamuulize maswali kuhusu kauli na kura zake, si kuhusu akili yake, mizuka iseme mwisho, na waliokufa raundi ya kwanza wawe wa mwisho kabisa, kwa kuwa ndio walioona mengi na kuhatarisha machache. Mkongwe wangu hataupenda utaratibu huu. Amekaa safu ya tatu, anaweza kuanza kuuliza maswali.