Neti zipo nne, watoto wako kwenye mkeka

MWANAIDI: Haya jamani karibuni tena, leo kaka Deo karudi kutoka kwao Ifakara na amenuna tangu asubuhi. Kuna nini?

DEO: Dada Mwana acha tu. Nilienda kumsalimia mama mdogo, sasa usiku naamka kwenda chooni, giza, napita sebuleni nakanyaga mguu wa mtoto. Namulika simu, wako watatu kwenye mkeka, kanga moja, neti hakuna, na mbu wanavyoimba pale utadhani kuna harusi.

MWANAIDI: Kwa hiyo nyumba haina neti.

DEO: Ndo nilivyodhani! Asubuhi nikahesabu, zipo nne. Moja kwenye kitanda cha mama mdogo, analala na mjukuu mchanga. Moja imezungushiwa mchicha kuku wasiparue. Ya tatu iko kabatini kwenye mfuko wake haijafunguliwa, nauliza vipi hii, ananiambia hiyo ya akiba.

MWANAIDI: Na ya nne?

DEO: Ya nne nililalia mimi.

MWANAIDI: Eeh!

DEO: Kile kitanda ni cha wale watoto bana. Mgeni nimefika, watoto wakahamishwa sebuleni, mimi na mwili wangu huu nikapewa kitanda na neti yao, na nikalala fofofo. Yaani niliona aibu.

MWANAIDI: Lakini nyumba ngapi ziko hivyo? Kwetu Tanga ilikuwa hivyohivyo, mgeni akija sisi wadogo chini. Na hata bila mgeni, mtoto akiwa ananyonya analala na mama, neti anayo, akizaliwa mdogo wake basi huyu wa miaka miwili mitatu anatolewa kitandani anapelekwa kwa kaka zake, na kule neti nani kafunga? Watu wanafunga neti kwenye kitanda, mtoto mwenyewe hana kitanda.

DEO: Halafu utakuta ile neti ya kliniki alipewa huyohuyo mtoto! Si unajua tangu 2016 mama anapewa neti mahudhurio ya kwanza ya mimba, halafu mtoto anapewa nyingine akienda chanjo ya surua miezi tisa. Zamani ilikuwa hati punguzo, ile ya 2004, unapewa hati kliniki unaongeza hela dukani, mama mdogo anaikumbuka, anasema kipindi kile neti ilikuwa mali.

MWANAIDI: Na Ifakara ndo mngekuwa walimu wetu nyie. Miaka ya tisini mwishoni si ndo huko wilaya za Kilombero na Ulanga kulikuwa na mradi wa kuuza zile neti zenye jina la Zuia Mbu, watafiti wakafuatilia wakakuta watoto wa kwenye neti zenye dawa uwezekano wao wa kuishi umepanda kwa asilimia 27.

DEO: Ndo hapo sasa. Elimu ipo, mama mdogo anajua malaria inatokana na mbu kuliko mimi. Ila nilipomuuliza kuhusu yule mtoto wa jirani aliyepata degedege akasema hiyo nyingine, hiyo sio malaria ya mbu, ule ni upepo. Unaona? Kwa hiyo kichwani neti inazuia homa, degedege ina mambo yake.

MWANAIDI: Wakati degedege inaweza kuwa hiyohiyo malaria imepanda kichwani kwa mtoto. Mi nina lingine, watu wengi hawalali kwenye neti kwa ajili ya malaria, wanalala kwa ajili ya kelele. Huku mjini mbu wetu wengi ni wale wa kwenye maji machafu, wa malaria sio hao, lakini wanatusumbua hatulali kwa hiyo neti inashuka kila siku. Kiangazi wakipungua, neti inafungwa fundo juu, wakati yule mbu mmoja wa malaria yeye hahitaji kundi.

DEO: Na joto usisahau. Nyumba ya bati, dirisha dogo, watoto watatu ndani ya neti, wanatoka jasho wanajiviringisha mpaka miguu iko nje. Au wanaegemea kwenye neti, mbu anauma palepale kwenye kiwiko kwa nje. Tena wengine wanasema neti mpya inawasha. Ile unaitundika kwanza kivulini siku nzima, nani anasubiri?

MWANAIDI: Na shambani?

DEO: Aisee. Hapo ndo pabaya zaidi. Msimu wa mpunga familia nzima inahamia bondeni, miezi, wanakaa kwenye vibanda na madungu wanalinda ndege na nguruwe, mtoto wa mwaka mmoja yuko mgongoni, neti imebaki mjini kulinda kitanda kitupu. Nikamwambia mama mdogo mwaka huu ile ya akiba iende shamba. Akanijibu "nitaifunga wapi, kwenye mawingu?"

MWANAIDI: Hahaha, lakini ana hoja! Hizi za pembe nne zinataka sehemu nne za kufungia, bora zile za duara, kamba moja tu.

DEO: Tulikata fito nne za kuchimbia shambani, na kabla haijaenda huko hiyohiyo ya akiba tukaipigia misumari ukutani sebuleni juu ya mkeka, jioni inashushwa inachomekwa chini ya mkeka, asubuhi inapandishwa wageni wasione. Maana hilo nalo lilimsumbua, sebule ina neti, watu watasemaje.

MWANAIDI: Na ya mchicha mliitoa?

DEO: Ya mchicha tuliiacha. Ina matobo hadi kifaranga anapita, anakula mchicha, anatoka.