Aota Inapoila Mifupa ya Mgongo

Ndugu wanafunzi, tuanze na eksirei hii ya mgongo iliyopigwa kwa upande. Tazameni ukingo wa mbele wa pingili hizi za kiuno. Kwa kawaida hubonyea kidogo tu. Hapa umechimbika, kana kwamba mtu alichota udongo mbichi kwa kidole gumba. Sasa tazameni nafasi za diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili: zimesalia. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Aota ni mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Sehemu yake ya tumboni, kwa mtu mzima, ina upana wa sentimita 2 hivi, nayo imelala juu ya uti wa mgongo mpaka inapogawanyika, karibu na pingili ya 4 ya kiuno. Ikitanuka kufikia sentimita 3 tunaiita aneurisimu. Kwa mwanamume, ikifika 5.5 wapasuaji huanza kuzungumzia matengenezo, yaani kuweka mshipa bandia. Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na kila pigo uvimbe huo unausukuma mfupa ulio nyuma yake. Mfupa ni kitu hai: ukigandamizwa hivyo, seli zinazoumumunya huzishinda zile zinazoujenga. Diski inanepa, tena haina mishipa ya damu ya kutajika, kwa hiyo hustahimili.

Zamani kaswende ndiyo iliyokuwa ikituonyesha mambo haya kifuani. Aneurisimu ilikula kidari na mbavu hadi uvimbe ukaonekana ukidunda chini ya ngozi. Penisilini ilipoenea kuanzia miaka ya 1940, picha hiyo ikawa adimu.

Ninayoiogopa zaidi ni nyingine. Ukuta wa nyuma wa aota umeshatoboka, lakini damu imezuiwa na pingili na misuli ya pembeni. Mgonjwa anaingia kwa miguu yake. Presha ni nzuri, damu haijapungua, analalamikia mgongo tu, pengine kwa miezi. Nani atafikiria mshipa uliopasuka?

Wengi hufikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, na si ajabu: mfupa umelika, na kando yake kuna uvimbe unaofanana na jipu. Lakini kifua kikuu kwa kawaida huanzia kwenye kingo za pingili zinazopakana na diski, na baadaye nafasi ya diski hupungua. Saratani nayo huiacha diski, ila mara nyingi huanzia ndani ya pingili. Hatari ni pale mtu anapochukua sindano avute usaha. Mimi sikubali sindano yoyote mbele ya pingili kabla ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande, yenye dawa ya kung'arisha mishipa.

Kwenye CT, fuateni ukuta wa nyuma wa aota. Ukipotea, au ukalalia pingili na kufuata umbo lake, shukuni mpasuko uliozibwa. Angalieni pia kama duara la chokaa iliyoganda ukutani mwa aota limekatika. Ultrasaundi hupima upana vizuri sana, lakini habari za nyuma huko msiidai. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, itawaambia hali ya uboho na ya neva za uti wa mgongo.

Kuna aliyeuliza kama diski iliyosalia inatosha kuondoa shaka ya maambukizi. Haitoshi. Aneurisimu yenyewe inaweza kuwa imeingiwa na bakteria, na kuweka mshipa bandia penye usaha ni balaa. Ndiyo maana, aota ikifunguliwa, kipande cha ukuta wake na cha mfupa hupelekwa maabara kuoteshwa, kuona kama kina bakteria.