Padre Aliyenyimwa Kitubio

Ndugu zangu, Bartolomé de las Casas anasifiwa kuwa mtetezi wa wenyeji wa Amerika. Ni kweli. Mimi leo naanzia pale alipokuwa bado hajamtetea mtu.

Alikuwa padre, naye alikuwa na watu wake. Wahispania walikuwa wakigawiana wenyeji: wewe chukua hawa, yule wale, wakuchimbie dhahabu na kukulimia, nawe uwafundishe dini. Mpango huo uliitwa encomienda. Dhahabu ilichimbwa, dini, hayo mengine.

Tarehe 21 Desemba 1511, mjini Santo Domingo, katika visiwa vya Karibi, Antonio de Montesinos, mtawa wa shirika la Wadominiko, alipanda mimbarini. Gavana Diego Colón, mwana wa Columbus, yumo kanisani. Montesinos akauliza: wenyeji hawa si watu? Hawana roho? Wakubwa wakaenda kwa watawa wakidai ayameze maneno yake. Jumapili iliyofuata kanisa likafurika, watu wamekuja kusikia akiomba radhi. Akayarudia yote, akaongeza kwamba Wadominiko hawatawaungamisha tena waliogawiwa wenyeji.

Las Casas naye alikwenda kuungama, mtawa mmoja akamkatalia. Padre kumnyima padre kitubio! Akabishana naye, kisha akarudi kwa watu wake. Mwaka 1513, akiwa kasisi wa jeshi huko Kuba, alishuhudia askari wakiwachinja wanakijiji wa Caonao, watu waliotoka kuwapa chakula. Hata baada ya hayo akagawiwa wenyeji wengine, akawapeleka machimboni. Hapa ndipo mimi hukwama kila nikimsoma.

Mwaka 1514, akiandaa mahubiri ya Pentekoste, akafungua kitabu cha Yoshua bin Sira katika Biblia, sura ya 34: amnyang'anyaye maskini mkate wake ni muuaji. Hakuwa na wa kubishana naye tena. Agosti akatangaza hadharani kwamba anawaachia watu wake, na hadi anakufa mwaka 1566 hakunyamaza.

Ila kuna jambo linalotuhusu sisi. Katika harakati hizo alishauri waletwe watumwa wa Kiafrika ili wenyeji wapumzishwe. Biashara hiyo hakuianzisha yeye, lakini aliipa baraka. Uzeeni aliandika katika kitabu chake cha historia kwamba utumwa wa weusi ulikuwa dhuluma ileile, na kwamba hana hakika kama Mungu ataupokea udhuru wake wa kutojua. Maandishi hayo yalikaa bila kuchapwa hadi 1875. Mwaka huo Kuba bado ilikuwa na watumwa wa Kiafrika. Waliachiwa huru 1886.